Mikono minne, mguu mmoja: kumwandaa Aurora wa mara ya kwanza

Jina la binti likibandikwa ubaoni kwamba msimu huu atacheza Aurora, wenzake humpongeza, kisha swali huwa lilelile: "Na Waridi je?" Wanamaanisha Adajio ya Waridi, dakika zipatazo 6 katika tendo la kwanza la baleti ya Mrembo Aliyelala, ambapo binti mfalme husimama kwa ncha ya mguu mmoja, mguu wa pili umekunjwa nyuma, huku wachumba wanne wakimpokea mkono kwa zamu. Kila anapomwachia mmoja kabla hajamshika wa pili, anabaki peke yake juu ya bapa la kiatu lenye upana wa sentimita chache. Ukumbi wote unalijua hilo, na wapo waliokata tiketi kwa ajili ya hilo tu.

Sisi tunaofundisha sehemu hii tuna msimamo ambao wanafunzi huuchoka kuusikia: mizani ya Waridi, yaani kule kusimama bila kuyumba, haipatikani pale mkono unapoachiwa. Huandaliwa mapema zaidi, kwenye kiatu, kwenye pumzi, kwenye viganja vya wanaume wanne ambao majina yao hayatajwi sana kwenye mabango. Binti anayeanza kuitafuta akiwa tayari juu ya ncha ameshachelewa.

Tuanze na kiatu, maana hapo ndipo makosa ya bei rahisi hufanyika. Kiatu cha kusimamia ncha kina kasha la mbele lililotengenezwa kwa tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, na ndani yake kuna ubao mwembamba unaobeba wayo. Jasho na joto hulainisha vyote viwili. Kiatu kinachomfaa binti katika tendo la pili, ambako anatakiwa kushuka kimya kama kivuli, ni kilaini mno kwa Waridi. Kwa Waridi tunataka kasha gumu, bapa la mbele lililo sawa kabisa, na ubao ambao haujaanza kuvunjika chini ya upinde wa wayo. Kiweke kiatu mezani kisimame chenyewe kwa ncha. Kikianguka upande mmoja, hata mizani ya mchezaji itaelekea huko. Wengi huzungushia uzi mnene ukingoni mwa bapa kwa kushona kwa mkono ili kupata ukingo unaoshika sakafu, na hutia matone ya supa gluu ndani ya kasha usiku wa kuamkia onyesho. Gluu ikitiwa siku hiyohiyo bila kukauka vizuri hupata moto kutokana na mguu, na kasha hujipinda. Kwa onyesho zima andaa jozi tatu, moja kwa kila tendo, zote zikiwa zimekwisha kuvaliwa mazoezini kwa muda mfupi. Kiatu kipya kabisa hakina adabu.

Ulimbo wa unga uliomo kwenye kisanduku pembeni mwa jukwaa, wa kuzuia viatu kuteleza, utumike kwa kiasi. Ukizidi, mguu unaosimama hung'ang'ania sakafu wakati mchumba anapomzungusha binti, kisha huachia ghafla. Mtikisiko ule watazamaji hudhani ni udhaifu wa kigimbi, kumbe ni ulimbo.

Sasa saa ya kusubiri. Aurora hayumo katika utangulizi wa baleti hii; humo yeye ni mtoto mchanga kitandani, kwa kawaida mwanasesere, na majini wema wa kike ndio wanaocheza. Utangulizi huchukua nusu saa hivi, mara nyingi kuna mapumziko baada yake, kisha tendo la kwanza huanza na watu wa kijijini na valsi ya mashada ya maua. Kwa hiyo mchezaji mkuu aliyefanya darasa la mchana pamoja na wenzake anaweza kukaa karibu saa nzima baada ya pazia kufunguliwa bila kuonekana jukwaani, na misuli iliyopata joto saa kumi hupoa. Wapya hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama hukaa kwenye kiti cha vipodozi wakisikiliza kipaza sauti na kujijaza hofu, ama huanza kurukaruka tangu utangulizi na kufika jukwaani wakiwa wamekwisha kuchoka.

Ratiba tunayoipendekeza ni hii. Wakati wa utangulizi, vipodozi viwe vimekwisha, nywele zimefungwa, na mwili ubaki na nguo za joto mpaka kiunoni. Mapumziko yakianza, ashike baa, ule mti wa kushikilia mazoezini, na kufanya plie (kukunja magoti) na mazoezi ya wayo kwa dakika 15 bila haraka. Viatu vya onyesho vifungwe wakati wanakijiji wanapoingia, na utepe ushonwe nyuzi mbili juu ya fundo ili usichomoke. Valsi ya mashada ina dakika kama 5: hapo asimame pembeni, ainuke juu ya ncha kwa miguu miwili mara kadhaa, kwa mguu mmoja mara chache, kisha miruko midogo mpaka pumzi ipande kidogo. Hili la pumzi ni la lazima. Mlango wa Aurora, yaani kuingia kwake jukwaani, ni wa kasi, na moyo uliotulia kabisa ukilazimishwa kukimbia ghafla hautulii upesi.

Mlango huo ndio sehemu ambayo mabinti wengi huidharau. Anaingia mbio kutoka nyuma ya jukwaa, anaruka miruko ya paka, anacheza hatua ndogo za haraka huku akimsalimia kila mtu kwa macho, yote kwa muda wa dakika moja na ushei. Ni msichana anayetimiza miaka 16 na hajui kwamba maisha yana ubaya wowote. (Katika maandishi ya awali ya Petipa, mtunzi wa hatua za baleti hii, alikuwa na 20, maonyesho mengi ya leo yamempunguzia.) Mara tu baada ya hapo kinubi kinapiga peke yake kuanzisha Adajio. Sekunde hizo za kinubi ndizo pumziko pekee, na lazima zipangwe kama hatua zinavyopangwa: pumzi moja ndefu kutoka nje kwa mdomo wakati anaelekea kwa mama yake malkia, moja kupitia puani akigeuka, mabega yakishuka kwenye ile ya pili. Mchezaji anayetumia sekunde zile kutabasamu tu ataingia Adajio kifua kikiwa juu. Kifua kikiwa juu, uzito uko juu, na mizani imeharibika kabla ya mchumba wa kwanza kunyoosha mkono.

Ipo pia sababu ya kuufanya mlango ule kwa kujizuia kidogo. Miruko hutumia vigimbi, na vigimbi hivyohivyo ndivyo vitakavyomshikilia juu ya ncha muda mfupi baadaye. Tunapenda kuona binti akiruka kwa asilimia tisini ya uwezo wake, asilimia kumi iliyobaki ikijazwa na kichwa na mikono. Watazamaji hawaoni tofauti. Kigimbi kinaiona.

Adajio yenyewe ina mizani ya aina mbili, na kila moja ina mitego yake. Mwanzoni binti huinuka kwenye pozi la atitudi, mguu wa nyuma umekunjwa, akimshika mchumba wa kwanza. Anamwachia, mikono yote miwili inapanda juu ya kichwa, inashuka, anampokea wa pili, na hivyohivyo hadi wa nne. Mwishoni mambo huwa mazito zaidi: kila mchumba hutembea akimzungusha duara zima akiwa juu ya ncha, humwachia, mkono hupanda juu, hushuka kwa mchumba anayefuata. Kisigino hakigusi sakafu tangu wa kwanza hadi wa nne. Baada ya wa nne mguu wa nyuma hunyooka kuwa arabeski, okestra ikiwa imefika kilele chake. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna mizunguko ya kusaidiwa na kupokea waridi, ambayo ni nafasi ya kupumzisha mguu unaosimama iwapo mchezaji ana akili ya kuitumia hivyo.

Tazama kwa karibu kinachotokea mkono unapoachiwa. Juu ya ncha, kifundo cha mguu hakina nafasi kubwa ya kusahihisha. Kwenye wayo uliokanyaga sakafu tunajirekebisha kwa vidole na kisigino mamia ya mara bila kujua, lakini juu ya ncha vidole vimefungwa ndani ya kasha. Usahihisho wote hutoka mgongoni, chini ya mbavu, na kwenye nyonga ya mguu unaosimama. Nyonga hiyo ikilegea na kutokeza pembeni, uzito unahamia nje ya bapa. Ndiyo maana tunamwambia binti asukume sakafu chini kwa mguu anaosimamia badala ya kujivuta juu kwa mabega. Mabega yakipanda, shingo hukakamaa na macho hutafuta kitu cha kushikilia.

Mguu wa nyuma nao una kosa lake. Leo wote wanataka uwe juu, kwa sababu picha zinataka hivyo. Ukiinuliwa kupita kiasi, fupanyonga huinama mbele, mgongo hulazimika kujikunja zaidi kufidia, na kiwiliwili hupoteza mstari wake wa wima. Mwaka 2015 mtunzi wa dansi Alexei Ratmansky aliirudishia American Ballet Theatre baleti hii kwa kusoma maandishi ya zamani ya hatua, na miguu ilikuwa chini kwa kiasi kilichowashangaza wengi. Hatudai warudi huko wote. Ila kwa onyesho la kwanza, atitudi ya nyuzi 90 ambayo goti halishuki chini ya wayo inatosha, na inaacha akiba. Urefu utaongezeka wenyewe mchezaji akishazoea.

Mkono unaoachia ndio unaosema ukweli. Nguvu katika kiganja cha mchumba inatakiwa kwenda chini moja kwa moja, na iwe ndogo. Binti akivuta kuelekea kwake, maana yake mwili wake umeegemea nyuma, na akiachia ataanguka mbali na mchumba. Akisukuma, ameegemea mbele, na akiachia atamwangukia. Kujua ni lipi linatokea hakuhitaji kioo. Mchumba anajua, muulizeni. Tunaweka kipande cha karatasi kati ya viganja viwili: karatasi ikikunjamana, kuna kushikana, ikiteleza kuelekea upande mmoja, kuna kuvuta. Baadaye tunamruhusu mchumba aondoe mkono bila kutoa taarifa. Mara za kwanza binti hupiga kelele. Akishafika mahali ambapo mkono ukiondoka anabaki pale pale na kuendelea kutabasamu, tunaacha zoezi hilo na hatulirudii karibu na onyesho.

Njia ya mkono kwenda juu ipite mbele ya kifua. Ukipitia pembeni unavuta bega na kuuzungusha mwili, hata kama ni kidogo. Kuhusu muda wa kubaki peke yake, hapa tunatofautiana na baadhi ya walimu wenzetu: hatumhimizi binti wa mara ya kwanza akae muda mrefu. Mkono uliofika juu ya kichwa, ukatulia kwa pigo moja na kushuka bila papara, unapendeza kuliko sekunde nne za kutetemeka kidole cha mwisho kikitafuta hewa. Wale wanaosifiwa kwa kukaa muda mrefu hawakuanza hivyo, na kwa kawaida muda huo huja wenyewe usiku ambao mchezaji hakuupanga.

Sasa wachumba. Kampuni nyingi huwapa kazi hii wanaume warefu wenye sura nzuri, huwavisha mavazi ya nchi nne, na kuwapangia mazoezi ya mwisho mwisho. Ni uzembe. Mchumba anapomzungusha Aurora, mguu wa Aurora ndio kitovu cha duara, na yeye anatakiwa kutembea kwenye mzingo wake bila kusogea ndani wala nje hata sentimita tano. Hatua ziwe fupi na za urefu mmoja, kiwiko kimekunjwa na kutulia, kiganja kimeangalia juu kwenye kimo kati ya kiuno na kifua cha binti akiwa juu ya ncha. Kumbuka kwamba akiwa juu ya ncha ameongezeka sentimita kumi na kadhaa. Mchumba mfupi aliyefanya mazoezi na binti aliyevaa viatu laini atajikuta usiku wa onyesho kiganja chake kiko chini mno, na binti atalazimika kuinama kumfuata.

Kosa la wachumba linalorudiwa kuliko yote ni kuongeza mwendo mwishoni mwa duara. Wanasikia muziki unapanda, wanaharakisha. Binti anafika mahali pake akiwa bado na nguvu ya kuzunguka, anaachia, na mwili unaendelea na safari. Robo ya mwisho ya duara mchumba apunguze mwendo mpaka asimame kabisa, asubiri, kisha binti aachie. Na akishaachiwa asiurudishe mkono wake haraka kama aliyeungua. Jicho la binti linauona mjongeo ule pembeni na kichwa hufuata. Anayefuata naye asinyooshe mkono mapema, maana mkono uliokwisha nyooka ni kishawishi. Aupeleke binti anapoanza kuushusha wake, na aupeleke ulipo mkono wa binti, asingoje aletewe.

Mazoezi ya wanne wote pamoja yawe mengi kuliko watu wanavyodhani, na yafanywe kwa mpangilio uleule wa usiku wa onyesho. Kiganja cha kwanza kinaweza kuwa kikavu, cha pili kina jasho, cha tatu kigumu, cha nne kinatetemeka kwa sababu mwenyewe anajua yeye ndiye wa mwisho. Binti avizoee vyote. Tunapendelea mtulivu kuliko wote awe wa nne, hata kama si mrefu kuliko wote, kwa kuwa kigimbi cha Aurora kikifika kwake kimekwisha kuwaka moto na hakuna nafasi ya kosa la pili.

Waridi zenyewe, zile za mkononi, zina kazi yake. Mara nyingi ni za kitambaa zenye shina la waya. Shina likiwa laini mno ua huinama na binti hukosa mahali pa kushika. Likiwa refu hunasa kwenye tutu, ile sketi ngumu iliyotandaa. Ua likianguka, liachwe. Atakayeliokota ni mmoja wa wanawake wa kasri la mfalme aliyepangiwa hivyo tangu mazoezini, na aliokote kabla ya mizunguko ya mwisho, kwa sababu petali ya hariri chini ya kiatu cha ncha huteleza kama sabuni.

Kuna mazungumzo na mwongoza okestra ambayo wapya huyaogopa. Akiulizwa anataka mwendo gani, binti husema "taratibu", akidhani taratibu ni rahisi. Taratibu maana yake ni kukaa juu ya ncha kwa muda mrefu zaidi, duara baada ya duara. Aombe mwendo wa kawaida, na aonyeshe mahali pawili tu ambapo angependa kusubiriwa: kabla ya mzunguko wa kwanza wa sehemu ya mwisho, na kwenye arabeski ya kumalizia. Zaidi ya hapo aufuate muziki. Mwongozaji akianza kumfuata mchezaji kwa kila pozi, wote wawili wanabaki wakitazamana na Adajio inasimama.

Sakafu pia iulizwe mapema. Majumba ya zamani ya Ulaya yana majukwaa yaliyoinama kuelekea kwa watazamaji. La Palais Garnier mjini Paris lina mwinamo wa asilimia 5. Aliyezoea sakafu bapa atahisi anasukumwa mbele kwenye kila mizani. Dawa yake ni kufanya baa nzima juu ya jukwaa lenyewe siku mbili tatu kabla, akiuelekeza mwili pande zote nne, ili mgongo upate kujifunza upya wima iko wapi.

Baada ya Waridi shangwe hulipuka, na hapo ndipo tendo linapowaponyoka wengi. Wanadhani mlima umekwisha. Kuna dansi fupi ya wasichana wenzake, kisha Aurora anarudi kwa solo yake ya fidla, yenye arabeski za wazi, piruweti (mizunguko juu ya mguu mmoja) zinazoanzia nafasi ya tano na mzunguko wa jukwaa mwishoni. Ana dakika moja au mbili pembeni. Asikae. Asivute kigimbi kwa nguvu, kwani msuli uliochoka ukinyooshwa sana hupoteza mwitikio. Atembee, atikise miguu, anywe funda moja la maji, apanguse viganja. Solo hiyo ikimwendea vibaya, mara nyingi si kwa sababu haijui. Ni kwamba moyo wake bado uko kwenye Adajio, ama kwa furaha ama kwa majuto.

Halafu kuna kuchomwa kidole na kile kijiti cha kusokotea uzi, kinachomlaza Aurora miaka mia moja. Mabinti wengi wenye ufundi mkubwa wa miguu huigiza kizunguzungu kwa kuyumbayumba. Petipa na Tchaikovsky, mtunzi wa muziki, wamekwisha kuliandika jambo hili ndani ya hatua: dansi ileile ya furaha inaharibika polepole. Acheze hatua kwa usahihi mwanzoni, kisha aache moja ikose mwisho wake, halafu mbili. Inatisha zaidi.

Tendo la pili tutalipita upesi. Aurora ni njozi anayoonyeshwa mwanamfalme, selo inaimba, na binti anacheza katikati ya nimfa. Shida yake moja ni macho: asimtazame mwanamfalme usoni kama mtu anayemtazama mtu. Viatu laini, shingo ndefu, basi.

Tendo la tatu ni harusi, na miguu imebeba jioni nzima. Hapa kuna pozi la samaki, ambalo hutajwa kuwa lilitokana na onyesho la Diaghilev, mkuu wa kampuni ya Ballets Russes, jijini London mwaka 1921: binti anamaliza piruweti, mwenzake anamdaka kiunoni na pajani, anamgeuza kichwa chini, miguu yake ikijifunga nyuma ya mgongo wa mwanamume, na katika pozi la mwisho wote wawili hufungua mikono bila kushikana. Hufanywa mara tatu mfululizo. Likiharibika, sababu ni mojawapo ya hizi: binti anajitupa kabla piruweti haijaisha, ama mgongo wake umelegea na uzito unamwangukia mwenzake kama gunia, ama mwanamume amesimama mbali kwa nusu hatua. Mbavu huchubuka. Tunalifundisha kwa kuanzia mwisho: kwanza pozi lenyewe likitulia, kisha kuingia ndani yake bila kuzunguka, kisha mzunguko mmoja, kisha kamili. Solo ya tendo hili hugeuza watu kichwa kwa unyenyekevu wake. Ni viganja vinavyojikunjua polepole huku hatua zikisonga mbele, na binti wa miaka 19 kwa kawaida huicheza kama bado ana 16. Ameshalala miaka mia moja na ameolewa. Asiharakishe.

Kuhusu nguvu, kipimo chetu cha kuanzia ni chepesi kukieleza: ainuke kwa mguu mmoja, goti limenyooka, kutoka sakafuni hadi juu ya vidole, mara 25 bila kupumzika, kwa kila mguu. Asiyefika hapo asianze mizani za Waridi kila siku. Aanze na kigimbi. Akishaanza, sehemu ya mizunguko minne isirudiwe zaidi ya mara tatu kwa kipindi, na mwalimu asikubali kusihiwa. Maumivu ya nyuma ya kifundo binti akipanda juu ya ncha, au maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa wa pili wa wayo yanayobaki hata usiku, ni ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Kuvunjika kwa ufa kwenye mfupa ule ni ugonjwa wa kazi hii, na huwapata zaidi wanaojinyima chakula. Aurora haichezwi kwa njaa.

Onyesho la kwanza la binti mpya mara nyingi huwekwa mchana, Jumamosi, ukumbi ukiwa na watoto wengi. Huenda akapata zoezi moja tu la jukwaani akiwa na okestra, au asipate kabisa, akafanya kwa piano. Ajiandae hivyo. Mavazi avae mapema: taji likikaza sana huumiza kichwa na kubadilisha namna anavyokishika, na tutu humzuia kuona miguu yake na kiganja kilicho chini ya kiuno.

Kupandishwa daraja hakufuati siku hiyohiyo. Kwenye kampuni kubwa nafasi hutangulia na cheo hufuata baadaye. Francesca Hayward, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1992, alipewa nafasi kuu katika baleti ya Manon kwenye Royal Ballet ya London mwaka 2014 na akafika daraja la juu kabisa mwaka 2016. Kwa Aurora mfano mzuri ni Margot Fonteyn. Mnamo Februari 2, 1939, akiwa na miaka 19, alicheza Aurora katika ukumbi wa Sadler's Wells jijini London, onyesho lililoandaliwa na Nicholas Sergeyev kwa kutumia maandishi ya hatua aliyoyatoa Urusi. Kisha vita. Wakati wa vita jumba la Royal Opera House liligeuzwa ukumbi wa dansi, na lilipofunguliwa tena Februari 20, 1946, Aurora wa usiku ule alikuwa yeye, akiwa ameshafanya kazi na mwalimu Vera Volkova. Dunia ilimjua hasa Oktoba 9, 1949, kampuni yake ilipofungua msimu wake New York. Miaka kumi na ushei, Aurora yuleyule.

Onyesho la pili huwa baada ya siku chache, na hilo ndilo tunaloliogopa kuliko la kwanza. Hofu iliyomshikilia binti wima imepungua, simu imejaa pongezi, vigimbi bado vina maumivu, na mmoja wa wachumba huenda amebadilishwa kwa ratiba. Kwa hiyo asubuhi inayofuata baada ya onyesho la kwanza hatugusi Adajio. Tunamfanyisha baa nyepesi, tunapita mlango wa kuingilia kwa kutembea tu, na tunamwita huyo mchumba mpya aje na kiganja chake.